Dún Aonghasa: ngome ya kale, barua ya mwaka 1839 na mafundi wa serikali

Upande wa kusini wa Inis Mór, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vitatu vya Aran kwenye mlango wa ghuba ya Galway, magharibi mwa Ireland, ardhi hupanda taratibu kisha hukatika ghafla. Chini, zaidi ya mita 80, ni Bahari ya Atlantiki. Hapo juu ndipo ilipo ngome ya Dún Aonghasa: kuta za mawe matupu, yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, zinazopinda moja nje ya nyingine na kuishia kwenye ukingo wa jabali. Eneo lake lote linakaribia hekta 6. Kabla ya kuzifikia kuta za ndani, anayekuja hukutana na ukanda wa mawe marefu yaliyosimikwa wima na mshazari, yamesongamana kiasi kwamba hakuna mtu wa kupita hapo akikimbia, seuze farasi.

Kuta hizo leo ni imara, na hapo ndipo tatizo la kisa hiki linapoanzia. Katika miaka ya 1880 serikali ilituma mafundi kuzitengeneza. Waliinua mawe yaliyoanguka, wakaziba mianya na kujenga viegemezo vya kuzuia kuta zisilale. Walitumia mawe yaleyale ya kisiwa, kwa mtindo uleule wa kupanga pasipo kugandisha. Basi mtafiti anayesimama mbele ya ukuta huo atajuaje kipi ni cha wajenzi wa kale na kipi ni cha mafundi wa enzi ya Malkia Victoria? Akiyauliza mawe peke yake hatapata jibu kamili. Sehemu kubwa ya jibu imo kwenye karatasi, na karatasi muhimu kuliko nyingi ni barua zilizoandikwa mwaka 1839 na mwajiriwa wa ofisi ya ramani aliyeitwa John O'Donovan.

Ofisi hiyo haikuanzishwa kwa mapenzi ya historia, ilianzishwa kwa sababu ya kodi. Kodi ya kaunti nchini Ireland ilikuwa ikitozwa kwa makadirio ya zamani yasiyolingana, na mwaka 1824 Bunge la Uingereza liliamua nchi nzima ipimwe upya, mpaka wa kila kitongoji uchorwe kwenye ramani. Kazi ikakabidhiwa kikosi cha wahandisi wa jeshi chini ya Thomas Colby. Kipimo kilikuwa inchi 6 kwa maili 1, jambo ambalo halikuwahi kufanywa kwa nchi nzima kwa undani namna hiyo. Vitongoji vilizidi 60,000, na kila kimoja kilikuwa na jina. Mara nyingi jina hilo lilikuwa na sura nne au tano: mwenye shamba aliliandika hivi, padri vile, mkusanya kodi kivyake, na hati za karne ya 17 zilikuwa na lao jingine kabisa. Karibu yote yalikuwa ya Kiayalandi, yakiandikwa na watu waliokuwa wakisikiliza kwa sikio la Kiingereza.

Ramani haiwezi kubeba sura tano za jina moja. Thomas Larcom, luteni aliyesimamia ofisi ya Dublin, alilielewa hilo mapema kuliko wenzake. Alianza kujifunza Kiayalandi, na mwalimu wake alikuwa O'Donovan, kijana wa familia ya wakulima kutoka kaunti ya Kilkenny, aliyeizoea miswada ya kale. Mwaka 1830 akamwajiri. Kazi yake ilikuwa kupitia madaftari ya majina. Katika madaftari hayo kila jina liliandikwa kwa sura zake zote, kila sura na chanzo chake, kisha mahali penyewe pakaelezwa. O'Donovan ndiye aliyeamua tahajia ipi itaingia kwenye ramani, na pembeni aliandika jina la asili kwa Kiayalandi.

Nionavyo mimi, madaftari haya ndiyo uvumbuzi mkubwa wa ofisi ile, ingawa wenyewe waliyaona kuwa makaratasi ya kazini tu. Ramani ilichagua umbo moja na kulichapisha kwa herufi za Kiingereza, na kwa hilo imelaumiwa, tena kwa haki. Lakini daftari halikutupa kitu. Aliyeandika vibaya, mwaka alioandika, na hati aliyonukuu, vyote vimebaki mahali pake. Mtafiti wa leo akiona kwamba O'Donovan alikosea, anao ushahidi uleule aliokuwa nao yeye, na anaweza kuamua upya.

Tangu 1835 kazi ya majina na mambo ya kale ilipewa idara yake, ikiongozwa na George Petrie, mchoraji aliyegeuka kuwa msomi wa majengo ya kale. Ilikuwa na makao katika mtaa wa Great Charles, Dublin, na waliopita mle ni wa ajabu kwa ofisi ya ramani: Eugene O'Curry, aliyekuja kuwa bingwa wa miswada ya Kiayalandi, mshairi James Clarence Mangan, aliyeajiriwa kunakili, na wachoraji vijana, George Du Noyer na William Wakeman. Petrie alikuja na nidhamu. Kwa miaka mingi wasomi walikuwa wakibishana kuhusu minara mirefu ya mviringo iliyotapakaa nchini. Wengine walidai ni mahekalu ya moto, wengine wakasema ilijengwa na Wafoinike au Wadenmark. Petrie alionyesha, kwa kulinganisha miswada na ujenzi wenyewe, kwamba ni minara ya kengele ya makanisa na monasteri za Kikristo. Insha yake ilipata tuzo ya Royal Irish Academy, jumuiya ya wasomi ya Dublin, mwaka 1833, na kitabu kikatoka 1845. Waliofanya kazi chini yake walijifunza kwamba kukisia hakutoshi, sharti uonyeshe hati au jiwe.

Kazi ilikwenda hivi. O'Donovan alitembea kutoka parokia hadi parokia, mara nyingi kwa miguu, akiwatafuta wazee waliojua Kiayalandi na kuwasikiliza wakitamka majina. Dublin, wenzake walipekua miswada na rekodi za serikali, wakamtumia dondoo kwa posta. Naye alijibu kwa barua, wakati mwingine kila siku, akieleza alichokiona na alichoambiwa. Barua hizo hazikukusudiwa kuchapishwa, ndiyo maana zina kila kitu. Analalamikia mvua, anagombana na Dublin kwa kuchelewesha dondoo, anafanya mzaha, na anawadharau kwa mdomo mkali walimu wa vijijini wanaojifanya kujua asili ya majina. Usiku wa 6 Januari 1839, dhoruba ambayo Waayalandi bado wanaikumbuka kwa jina la Upepo Mkubwa ilipoipiga nchi, yeye na mwenzake Thomas O'Conor walikuwa Glendalough, kaunti ya Wicklow, na tunajua hivyo kwa sababu aliyaandika yaliyowapata katika barua iliyofuata.

Miezi michache baadaye alifika Aran. Alifuatana na Wakeman, aliyekuwa na umri wa miaka 17 hivi, ili maneno yaende na michoro. Hakwenda kipofu. Petrie alikuwa amezuru visiwa hivyo mwaka 1821. Tena kulikuwa na maelezo ya Roderic O'Flaherty, msomi wa Connacht, jimbo la magharibi, wa karne ya 17, aliyeandika mwaka 1684 juu ya ngome kubwa ya mawe yasiyogandishwa, kwenye ukingo wa jabali refu, yenye mawe marefu nje yaliyosimamishwa mshazari kuzuia mashambulizi. Maelezo hayo wakati huo yalikuwa bado mswada. James Hardiman aliyahariri, na Irish Archaeological Society ikayachapisha mwaka 1846. O'Flaherty anaitaja ngome kwa jina la Aonghas.

O'Donovan alipowauliza watu wa kisiwani, wengi waliiita Dún Mór, yaani ngome kubwa, basi. Jina la Aonghas lilikuwa limebaki kwa mzee mmoja. Mtafiti mwenye haraka angeandika tu kwamba wenyeji huiita Dún Aonghasa, kwa kuwa kitabu na mzee vimekubaliana. O'Donovan aliandika vyote viwili: jina lililoenea na jina lililokuwa likizama, pamoja na habari kwamba la pili lilikuwa na shahidi mmoja tu. Leo vibao vya barabarani, ramani na vitabu vya watalii vinasema Dún Aonghasa, na watu wa kisiwani pia. Asiyesoma barua ile atadhani jina limeshuka kinywa kwa kinywa bila kukatika tangu enzi za mashujaa. Ukweli ni kwamba lilikuwa karibu kufa, likarudishwa na wasomi kupitia karatasi. Kwa anayeandika historia ya mahali, hilo ni onyo la kudumu: mapokeo ya wenyeji yaliyokusanywa baada ya wasomi kupita huenda ni mwangwi wa wasomi wenyewe.

Kisha akazipima kuta na kuzieleza, palipo pazima na palipoanguka. Pamoja na michoro ya Wakeman, hiyo ni picha ya ngome miongo minne na ushei kabla ya fundi wa serikali kugusa jiwe.

Alipofika kwenye swali la nani aliijenga, O'Donovan aliteleza, na mtelezo wake unafundisha. Hadithi za kale za Ireland zinasema watu walioitwa Fir Bolg walirudi nchini wakiwa wanyonge, na kwamba Medb, malkia wa Connacht, aliwapa ardhi magharibi, Aonghas mwana wa Úmór akiwa mmoja wa wakuu wao. Mapokeo yanaliweka hilo karibu na mwanzo wa zama zetu. O'Donovan aliyapokea kama historia, naye hakuwa peke yake, maana kizazi chake chote kilisoma masimulizi ya kishujaa kama kumbukumbu zenye tarehe. Nidhamu aliyokuwa nayo kwenye tahajia ya kitongoji hakuwa nayo mbele ya Medb.

Jibu la udongo lilikuja zaidi ya miaka 150 baadaye. Kati ya 1992 na 1995 waakiolojia wa Discovery Programme, wakiongozwa na Claire Cotter, walichimba ndani ya ngome. Walikuta misingi ya vibanda, mifupa ya wanyama, makombe ya bahari, na vipande vya kalibu za udongo zilizotumika kumimina zana na silaha za bronzi. Watu walikuwepo pale tangu karibu 1500 kabla ya Kristo, na mahali palishamiri zaidi karibu 800 kabla ya Kristo. Kuta zenyewe si za mara moja: baadhi zilijengwa upya au kunenepeshwa mwanzoni mwa Zama za Kati. Hakuna Aonghas wala Medb katika hayo. Kwa upande wa tarehe, O'Donovan alikuwa mbali.

Wapo wanaoishia hapo na kuziweka barua kando kama mambo ya kale yaliyopitwa. Mimi naona wanafanya hesabu vibaya. Katika barua hizo kuna mtu anayeona, mtu anayesikia na mtu anayeamua, na aliyekosea ni huyo wa tatu. Unene wa ukuta haukubadilika kwa sababu mpimaji aliamini habari za Fir Bolg.

Mwezi Septemba 1857 ngome ilipata wageni wa aina nyingine. British Association, chama cha wanasayansi cha Uingereza, kilikuwa kimefanya mkutano wake Dublin, na William Wilde, daktari na msomi wa mambo ya kale, baba yake mwandishi Oscar Wilde, akaongoza msafara wa watu wapatao 70 hadi Aran. Petrie, O'Donovan na O'Curry walikuwemo, wote wakiwa wamezeeka kidogo, na idara yao ikiwa imefungwa miaka 15 iliyopita. Walikula karamu ndani ya kuta za Dún Aonghasa, hotuba zikafuata, O'Curry akizungumza kwa Kiayalandi mbele ya wenyeji waliokuja kutazama. Wilde aliwasihi watu wa kisiwani wailinde ngome, kwa maana kuta zilikuwa zikibomolewa na watu waliovuta mawe ili kuwatoa sungura waliojificha ndani. Mabwana wakiwa wameshiba, wanawaambia watu wa kisiwa maskini waache kuwinda kitoweo. Miaka kumi nyuma yake ilikuwa miaka ya Njaa Kuu.

Hata hivyo karipio lile lina faida kwetu. Linatuambia kwamba kati ya 1839 na 1857 uharibifu uliendelea, na kwa njia gani. Ukiona maelezo ya miaka ya 1850 yanatofautiana na ya O'Donovan, usikimbilie kusema mmoja alipima vibaya, huenda ukuta wenyewe ulipungua.

Ushahidi uliofuata ni wa kamera. Edwin Wyndham-Quin, bwana wa tatu wa Dunraven, alizunguka nchi akipigisha picha za majengo ya kale. Baada ya kifo chake Margaret Stokes alihariri kazi hiyo, ikatoka kwa majuzuu mawili kati ya 1875 na 1877, Dún Aonghasa ikiwemo. Huyu Dunraven, alipokuwa bado Lord Adare, alikuwa kwenye tume ya mwaka 1843 iliyoishauri serikali iifufue kazi ya idara ya Petrie. Serikali haikusikia.

Kwa hiyo mafundi walipofika miaka ya 1880, tayari kulikuwa na mlolongo: mswada wa 1684, barua na michoro ya 1839, ripoti za 1857, picha zilizochapishwa miaka ya 1870. Thomas Westropp, msomi wa mambo ya kale, alipochapisha uchunguzi wake wa ngome mwaka 1910, aliweza kuyaweka maelezo ya waliomtangulia mbele ya kuta alizozikuta na kuuliza kipi kimebadilika. Hakufurahishwa na matengenezo. Viegemezo havina utata, vinaonekana na vinajulikana vilikotoka. Penye hatari ni pale jiwe lilipoinuliwa juu ya jiwe na mpasuko ukazibwa. Pale pana thamani ya mtu aliyesema, kabla ya mwaka fulani, kwamba hapa palikuwa pameanguka.

Nje ya Aran, njia hiyohiyo inafanya kazi hata kwa kitongoji kisicho na ngome. Anayeanza angefungua kwanza daftari la majina la parokia yake, aone sura za jina na chanzo cha kila moja, ndipo aende kwenye barua. Tarehe ya barua isirukwe, kwa sababu O'Donovan hubadili mawazo kati ya kaunti na kaunti, kadiri anavyosoma. Kisha kuna tanbihi zake katika Kumbukumbu za Mabwana Wanne, historia ya mwaka hadi mwaka iliyokamilishwa 1636 na ambayo aliihariri na kuitafsiri kati ya 1848 na 1851. Kwenye tanbihi hizo utakuta mahali palipotajwa katika vita vya karne ya 10 pameunganishwa na kitongoji na parokia ya wakati wake. Ujuzi huo aliupata kwa miguu.

Kuna sababu mbili zinazoifanya kazi hii isiwe na mbadala, na zote ni misiba. Ya kwanza ni Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine milioni moja wakahama, wengi kutoka maeneo ya magharibi yaliyozungumza Kiayalandi. Barua ziliandikwa kati ya 1834 na 1841, na katika parokia nyingi wazee waliotajwa humo ndio wa mwisho kuulizwa. Ya pili ni moto wa 30 Juni 1922, siku Ofisi ya Nyaraka za Umma iliyokuwa Four Courts, majengo ya mahakama ya Dublin, ilipolipuka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Fomu za sensa za 1821 hadi 1851 ziliteketea isipokuwa masalia, pamoja na wosia, madaftari ya makanisa na ramani za karne ya 17. Dondoo walizonakili akina O'Curry kwa ajili ya O'Donovan zilikuwa mahali pengine, kwenye maktaba ya Royal Irish Academy, nazo zikapona. Mnakili aliyelipwa ujira mdogo kuandika mistari sita kutoka hati ya kodi hakujua kwamba mistari yake ingekuja kuwa ushahidi uliobaki wa hati ile.

Idara yenyewe haikufika mwisho wa kazi. Mpango ulikuwa kuchapisha kitabu kwa kila parokia, chenye historia, majengo, uchumi na hali ya watu. Kilitoka kimoja tu, cha parokia ya Templemore, mwaka 1837. Mwaka 1840 serikali ikasitisha, ikilalamikia gharama, na kufikia 1842 ofisi ya Petrie ilikuwa imefungwa. Makaratasi ya parokia za kaskazini yalilala hadi miaka ya 1990, ndipo Institute of Irish Studies ya Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, ilipoyachapisha kwa majuzuu 40. Barua za O'Donovan zilikuwa zimenakiliwa kwa mashine ya chapa na padri Michael O'Flanagan kuanzia miaka ya 1920, na nakala hizo zimetumiwa na watafiti wa vijijini kuliko hata maandishi ya mkono. Zina makosa ya kunakili, hasa katika Kiayalandi, kwa hiyo jina likileta shaka ni bora kurudi kwenye asili. Logainm, hifadhidata ya taifa ya majina ya mahali, nayo huonyesha ushahidi wa madaftari pamoja na vyanzo vingine, jambo linalomwokolea mtu nauli ya kwenda Dublin.

Barua zipo kwa kaunti 29 kati ya 32. Cork, kaunti kubwa kuliko zote, haimo. Anayechunguza kitongoji cha huko ana madaftari ya majina na ramani yenyewe, lakini hana sauti ya O'Donovan akisimulia nani alimwambia nini, wala mzee mmoja aliyekumbuka jina ambalo wenzake walikuwa wamelisahau.